Barabara za msituni zisizo na magari: zilichongewa nani, na wewe na baiskeli unaingilia wapi

Kila baada ya wiki mbili hivi kuna mtu ananiuliza swali lile lile, ati huku kwetu Nakuru ama Kakamega ni wapi mtu anaweza kuendesha baiskeli nusu siku bila matatu kumpumulia kisogoni. Na namwelewa kabisa. Ukishapanda mlima wa Sachangwan kwenye barabara kuu mara moja, trela tatu nyuma yako zinanguruma, zingine zinashuka upande ule na harufu ya breki imejaa hewani, unafika juu ukiwa umeapa lami basi. Jibu fupi ni enda msituni. Shida ni kwamba nikikupa hilo jibu fupi utaenda, utafika kwa geti ugeuzwe, ama uingie upotelee katikati ya saipresi na saa tisa mvua ikukute huko ukiwa na ndizi moja mfukoni, kisha lawama zije kwangu. Kwa hivyo leo wacha niandike jibu refu, wewe tafuta chai.

Kitu kimoja nimejifunza baada ya miaka ya kurudi nyumbani na matope hadi masikioni: hizi barabara zetu za msitu hakuna aliyezichonga akifikiria baiskeli. Kila njia unayoiona huko ndani mwenyewe alikuwa na shida zake, huyu alitaka magogo, yule alitaka kuzuia moto, mwingine alitaka majani chai yafike kiwandani yangali mabichi, mwingine alikuwa anapeleka mtambo wa kuchimba mvuke. Ukishajua ilichongewa nani, mengine yanajileta yenyewe: mlima wake uko aje, udongo wake uko aje, inaishia wapi, lini ina lori na lini iko kimya, na nani wa kuombwa ruhusa. Usipojua hilo, ramani ya simu itakudanganya na uso mkavu.

Tuanze na za magogo, kwa sababu hizo ndizo nyingi. Dundori, Timboroa, Kaptagat, Mau upande wa Molo na Elburgon, huko kote msitu mwingi unaoupita ni miti iliyopandwa na watu. Saipresi, paini, mikaratusi, yote imesimama kwa mistari kama wanafunzi paredi. Hadithi yake inaanzia kwa reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901, na zile injini za moshi zilikuwa zinakula kuni kama jiko la shule ya bweni, sasa mikaratusi, ambayo kwao ni Australia, ikaanza kupandwa 1902 ndio treni isikose cha kuchoma. Baadaye haja ikawa mbao, nguzo za stima, karatasi. Na kazi ya kupanda ilifanywa na wakulima wenyewe: unapewa kipande ambacho miti imevunwa, unalima viazi na maharagwe katikati ya miche, unaipalilia, ikianza kutoa kivuli unahamishwa kipande kingine. Siku hizi karatasi za serikali zinaita PELIS, lakini uliza mzee yeyote pale Elburgon atakwambia tu "shamba system".

Na si sisi tu. Zile video za baiskeli za graveli unazoona, yaani baiskeli za barabara za vumbi na changarawe, mtu anateleza katikati ya miti Ulaya kama yuko peke yake duniani, nyingi ni barabara za magogo vile vile. Uingereza walianzisha tume yao ya misitu 1919 kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewamalizia mbao, wakapanda miti kila mahali, msitu wa Kielder kule kaskazini ukaanza kupandwa 1926, na leo barabara zilizochongewa lori za mbao ndizo watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuendeshea baiskeli. Kule kwa mlango wa barabara kuna chuma kinachozuia magari na baiskeli inapita kando. Huku kwetu chuma pia kiko, ila kando yake ameketi mtu, na huyo mtu lazima usimame umsalimie. Nitarudi kwake.

Sasa barabara ya magogo ina tabia zake. Lori lililobeba mzigo haliwezi kupanda mlima wima wala kukata kona kali, kwa hivyo mwinuko ni wa taratibu na kona ni pana, yaani kwa baiskeli ni raha tupu, unapanda nusu saa bila kushuka kusukuma. Ubaya wake ni kwamba haiendi mahali. Imekaa kama mti: shina moja linatoka nje kwa barabara kubwa, matawi yanaingia kila bloku, na kila tawi linaishia pale miti ilipokatiwa. Mimi na rafiki yangu tulishawahi kushuka upande wa Timboroa tukifuata mstari mzuri kwa simu, kilomita tatu za kuteremka tukipiga kelele kama watoto, tukafika kwa uwanja wa visiki na maganda ya miti, mwisho. Mbele ni bonde na miiba. Zile kilomita tatu tukazipanda tena kwa mguu, kwenye mwinuko wa mita 2,700 na kitu juu ya bahari ambapo hata kufunga kamba ya kiatu kunakumaliza pumzi. Ndio nikajua ujanja huu: magogo yote yanatoka kuelekea upande mmoja, kwa hivyo tawi likiungana na shina mara nyingi linainama kuelekea njia ya kutokea, vile mto mdogo unavyoingia mkubwa. Ukipotea simama kwa makutano, angalia kona imelainishwa kuelekea wapi, ndipo lori huelekea likiwa limebeba.

Na kuna siasa ndani yake. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, na kwa zaidi ya miaka mitano hizo barabara zilinyamaza, nyasi ikamea katikati, kwetu sisi wa baiskeli ikawa kama sikukuu isiyoisha, ingawa kwa wenye viwanda vya mbao Elburgon na Molo ilikuwa msiba na siwezi kujifanya sikuona maduka yakifungwa. Julai 2023 Rais Ruto akiwa Molo akatangaza marufuku imeondolewa, mambo yakafika hadi kortini, lori zikarudi. Sasa mtu akikuambia njia fulani "iko empty kabisa bana, tulipita 2021", muulize tena. Barabara ile ile unaweza kukutana nayo Jumanne ikiwa na trekta linaloburuta magogo upana wote wa njia, na Jumapili ikiwa na wewe na ndege tu. Mimi za magogo naendesha Jumapili, tena baada ya saa mbili asubuhi umande ukiwa umekauka. Kaptagat utaniambia kuna watu tangu alfajiri, ndio, lakini hao ni wakimbiaji, Kipchoge na wenzake wamezifanya hizo njia za vumbi kuwa maarufu kuliko lami yoyote, na sababu zao ni zetu: udongo laini kwa magoti, hewa nyembamba, hakuna magari.

Njia ya moto hiyo ni kitu kingine na usiichanganye na ya magogo. Ni ule mkanda uliofyekwa kati ya bloku na bloku ili moto ukianza huku usiruke kule, na mwenye kuuchora hakujali mlima, alichora mpaka kwa rula. Inapanda wima, inashuka wima, inakatiza kijito bila daraja. Kwa ramani ya simu inaonekana barabara tamu iliyonyooka. Ukiona mstari ulionyooka kilomita mbili katikati ya msitu wenye milima, huo ni mkanda wa moto, na utabeba baiskeli begani. Za doria za askari ni afadhali kidogo lakini nyembamba, na hazina haja ya kupendeza mtu.

Chai ndiyo napenda zaidi, nitasema ukweli. Mwaka 1986 serikali ya Moi ilianzisha Nyayo Tea Zones, mkanda wa chai wa kama mita mia moja unaozunguka kingo za misitu ya serikali, wazo likiwa kwamba mtu akitaka kunyakua msitu au kuchunga ng'ombe ndani atakutana kwanza na ukuta wa chai wenye wafanyakazi kila siku. Chai hainyakuliwi kimya kimya. Kwa sisi matokeo yake ni kwamba pembeni mwa misitu ya Nandi, Kericho na hata kipande cha Kakamega kuna barabara ya murram iliyo na msitu mkono mmoja na kijani kibichi cha chai mkono wa pili, na inatunzwa, kwa sababu majani yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri matope yakauke. Lori la majani chai lipo lakini lina ratiba, utalisikia mbali. Angalia tu usije ukachanganya na mashamba makubwa ya kampuni kule Kericho, yale yana barabara nzuri kuliko za kaunti nyingi lakini ni mali ya mtu, kuna geti, kuna gadi, na gadi ana kitabu. Na Kericho usisahau mvua ya mawe. Ni kati ya sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani, na kofia ya baiskeli ina matundu, utajua ni kwa nini nakwambia.

Halafu kuna Menengai, ambayo watu wa Nakuru tunaiona kila siku tukianika nguo na hatuiendi. Mji uko kama mita 1,850, ukingo wa juu wa kreta ni 2,278, kwa hivyo hapo pekee umepanda mita mia nne na kitu kabla hata ya kunywa maji. Kwenye miteremko kuna msitu wa serikali wenye mikaratusi na njia nyingi za wachungaji. Lakini kuteremka ndani ya kreta yenyewe, karibu kilomita 12 kwa 8, kunawezekana vizuri kwa sababu moja tu: mvuke. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima mle ndani 2011, na mtambo wa kuchimba ni mzito kuliko lori lolote la magogo, kwa hivyo ilibidi waichonge njia pana yenye kona za upole kuteremsha huo mzigo. Barabara nzuri sana. Ila ni ya kazi, ina magari ya kazi, na kuna sehemu zimefungwa, kwa hivyo unauliza getini kabla, na ukiambiwa leo hapana ni hapana. Ukiwa chini usitoke nje ya njia. Yale mawe meusi ni lava iliyopoa, yana makali kama chupa iliyovunjika, nimeona tairi mpya ikichanwa ubavuni hapo katika dakika kumi za kwanza na mwenyewe alikuwa ameinunua kwa pesa ya sacco.

(Kuna watakaosema mbona sijataja Hell's Gate na iko Nakuru Kaunti. Nimeitaja sasa. Ni mbuga, baiskeli zinaruhusiwa tangu zamani, inapendeza, lakini si msitu na magari ya watalii yanapita, kwa hivyo si mada ya leo.)

Kabla niende Kakamega wacha tuongee udongo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Watu wanasema "murram" kana kwamba ni kitu kimoja. Murram halisi ni ule udongo mwekundu wenye changarawe za chuma ndani yake, unatokea sehemu zenye joto na mvua nyingi ambapo maji yamepita miaka na miaka yakiosha madini mengine na kuacha chuma. Ukishindiliwa unashikana kama saruji, na barabara ikipewa kifua, yaani katikati ikiinuliwa kidogo maji yakimbie mitaroni, inaweza kukaa miaka. Nakuru hakuna hicho, Nakuru ni majivu ya volkano. Yanakauka upesi, mvua ya jana leo ushaisahau, lakini kiangazi yanakuwa unga, gurudumu la mbele linazama na unalala chini polepole kama mtu aliyechoka. Ukishuka kuelekea Kisumu tambarare ya Kano ni udongo mweusi, huo ukinyesha hata usijaribu, unajaa kwa breki na kwa cheni hadi magurudumu yanakataa kuzunguka na unabaki kubeba kilo za matope pamoja na baiskeli.

Na uso wa barabara unasema nani anapita. Hili ni jambo ambalo ukilijua huhitaji kuuliza mtu. Ukiona imejikunja kama bati, mawimbi madogo madogo yanayokutetemesha meno, jua hapo magari yanapita kwa kasi, kwa sababu yale mawimbi yanazaliwa na magurudumu yanayorukaruka kwa spidi, mtu wa miguu hayatengenezi wala ng'ombe. Ukiona mifereji miwili mirefu yenye kina, hapo ni lori zito linalopita polepole wakati wa mvua. Mistari miwili membamba iliyokaribiana ni mkokoteni wa punda. Ukiona mashimo mengi madogo yaliyokauka kama mtu alipiga muhuri kila mahali, hizo ni kwato, ng'ombe walipita kukiwa na matope, na hapo utapungua mwendo hadi wa mtu mzee. Kwa hivyo ukifika njia panda na hujui njia ipi haina magari, angalia chini. Ile iliyo laini yenye alama ya tairi moja na nyayo, hiyo ndiyo.

Jambo la mwisho la udongo ni jua. Wenye misitu ya kupandwa hufyeka kando ya barabara upana wa kutosha ili jua lipige katikati, hawafanyi hivyo kwa urembo, ni ili barabara ikauke lori lipite. Msitu wa asili haufyekwi. Kwa hivyo mvua ile ile ikinyesha siku ile ile, barabara ya Timboroa nitaiendesha kesho yake, ya ndani ya Kakamega nitasubiri siku tatu.

Basi Kakamega. Huu msitu ndio kipande kikubwa kilichobaki Kenya cha ule msitu wa mvua wa aina ya Kongo, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali 1933, na kwa karatasi ni kama kilomita za mraba 240 ingawa ukitoa chai, mashamba na nyika za katikati, miti yenyewe ni pungufu. Kinachochanganya wageni ni kwamba una wenyewe wawili. Kaskazini, upande wa Buyangu unaoingilia kutoka barabara ya Webuye, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya KWS, watu wa wanyamapori. Kusini, upande wa Isecheno unaoingilia Khayega na Shinyalu, ni KFS, watu wa misitu. Ni msitu mmoja lakini kaunta mbili, malipo mawili, na masharti tofauti. Nimewaona watu wamelipia huku wakitokea kule wakidhani risiti ni ya msitu mzima. Sio. Na siku hizi kwa KWS usije na noti mkononi, ni malipo ya simu kupitia eCitizen, na mtandao karibu na miti mikubwa uko na maringo, lipa ukiwa bado Kakamega mjini.

Kwa baiskeli, mimi ni mtu wa Isecheno. Kutoka Khayega hadi Shinyalu si bila magari, usidanganywe, kuna bodaboda kama nzige, lakini ukishafika pale msitu unapofunga juu ya kichwa chako hali inabadilika ghafla, baridi inaingia, sauti ya injini inapotea na unasikia mbega wakinguruma huko juu kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Kutoka kituoni kuna njia za kuelekea mlima Lirhanda, na hiyo ndiyo ningempa mtu wa mara ya kwanza, siyo ndefu, na juu kabisa unaona msitu wote umelala chini kama zulia hadi ukuta wa Nandi. Hapo mlimani kuna shimo la zamani la dhahabu, la zile miaka ya 1930 wazungu walipokimbilia Kakamega wakitafuta utajiri, sasa lina popo. Yaani hata hiyo njia ina mtu wake aliyeichonga. Njia nyembamba za waelekezi wa ndege usiingie na baiskeli, mizizi ni mingi na hata ukiweza, unaharibia mtu aliyekaa saa nzima kimya akimsubiri ndege kama shorobo.

Wanyama? Ndovu na nyati wa Kakamega waliisha zamani, na hiyo ni habari ya huzuni lakini kwa mwenye baiskeli inamaanisha hutakutana na kitu cha kukukanyaga. Nyoka wapo, nyani wapo, na siafu wapo, na kati ya hao wote siafu ndio wamenitesa mimi binafsi, nilisimama kubadilisha tube juu ya msafara wao bila kuangalia nikavua suruali mbele ya watoto wa shule. Elgon ni hadithi nyingine, kule kuna ndovu na nyati hai, vivyo hivyo Mau ya kusini magharibi na Eburru nyati wapo, huko hupiti bila askari ama mtu wa hapo anayejua wanyama walilala upande gani.

Mvua ya upande huu ina saa yake. Asubuhi ni shwari, mchana upepo wenye unyevu unapanda kutoka ziwani, unagonga ukuta wa Nandi, na ikifika saa nane, tisa, kumi, anga inafunguka na radi juu. Karibu kila siku kwa miezi mingi ya mwaka, Desemba hadi Februari ndio kuna nafuu. Kwa hivyo safari ya msitu wa upande huu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na inaisha saa sita mchana, na anayekuambia mkutane saa nne mkiwa mmeshakunywa chai taratibu, huyo mwache aende peke yake.

Hizo saa zinapatana na sheria pia. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza mtu kuwa ndani ya msitu wa serikali kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi bila kibali, isipokuwa kama uko kwa barabara ama njia inayotambuliwa. Hapo kwa "njia inayotambuliwa" ndipo maneno mengi huzuka, kwa sababu wewe unatambua ya simu yako na askari anatambua ya kwake. Rahisi ni kupitia kituo cha msitu, ofisi ya foresta, kabla. Unasalimia, unaeleza mko wangapi, mnaingilia wapi mnatokea wapi, unalipa kinacholipwa unapewa risiti, na mara nyingi huyo huyo ndiye atakuambia "kijana, daraja la kule lilienda na maji, pita huku". Hiyo habari haiko kwa ramani yoyote. Na nilisema nitarudi kwa mtu wa geti: huyo usimpite ukipunga mkono kama mwanasiasa. Shuka. Vua miwani. Sisi watu wa nguo za kubana na mashine zinazolia tik tik tunaonekana kama watu wa kupima ardhi, na huko Mau watu walishahamishwa mara nyingi kiasi kwamba mgeni anayeangalia kifaa kwa usukani si jambo la kuchekesha. Mzee mmoja alitusimamisha, akatuangalia kwa muda, akauliza, "Nyinyi vijana, mnapima nini?" Tukamwambia mzee hatupimi kitu, tunatembea tu. Hakuamini hadi tulipokubali kunywa mursik, yale maziwa ya kibuyu, kwake.

Hapo ndipo hili neno "bila magari" huwa linadanganya. Barabara haina magari lakini ina watu kila saa, na wana haki zaidi yako. Chini ya sheria hiyo hiyo jamii zinazopakana na msitu zina vyama vyao, CFA, na wanachama wanalipia kuokota kuni, kuchunga, kulima vile vipande. Yule mama unayekutana naye kwa kona na mzigo wa kuni mgongoni amelipia mwezi wake, hawezi kugeuka upesi, na wewe unateremka kwa spidi ya arobaini. Kengele. Breki. "Shikamoo mama" ama "mulembe" ukiwa Kakamega, "chamgei" ukiwa Nandi, na umpishe wewe, siyo yeye akupishe. Ng'ombe wapite kwanza. Ukikuta watu wanapakia makaa saa zisizo za kawaida hukuona kitu, endelea na safari, ripoti ukifika kituoni kama una roho hiyo.

Baiskeli yenyewe sitaki kuongea sana kwa sababu watu hupenda kujificha hapo, ati sijanunua graveli ndio sijaanza. Tairi ya milimita 40 hadi 45 inatosha barabara zote nilizotaja, presha psi 30 hadi 35 kama una kilo sabini, punguza kidogo kukiwa na matope, ongeza kwa mawe ya Menengai. Baiskeli ya mlima ya mitumba ikibadilishwa tairi inafanya kazi ile ile. Tube mbili, solusheni, pampu, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ubavu ukichanika.

Hicho kipande sikukitoa kwa mtandao. Nilichanikiwa siku moja karibu na Shinyalu, nikasukuma hadi kwa fundi chini ya mwembe, mzee ambaye ametengeneza zile baiskeli nzito za blakimamba tangu siku ambazo bodaboda ilikuwa baiskeli, zile zilizoanzia Busia kuvusha watu kutoka mpaka huu hadi ule. Hakuuliza ni aina gani wala ni pesa ngapi. Alikata kipande cha tairi kwa kisu, akakipachika, akajaza upepo, akabonyeza kwa kidole gumba kama anayepima parachichi, shilingi hamsini. Halafu akaizunguka polepole, mara moja, mara ya pili, akaniangalia kwa huruma.

"Kijana wangu, sasa hii haina keria. Utabebea nini?"